Mwaka Nilipoinyamazisha Kompyuta

Habari ya kifo cha Mama Nakijwa ilinikuta kazini, Dar es Salaam, saa nne asubuhi, nikiwa nimefungua faili la mtu mwingine lililogoma kufanya kazi. Simu iliwaka nikasoma mistari miwili kutoka kwa mpwa wake: shangazi ametutoka alfajiri, mazishi Jumamosi, nyumbani kwetu mlimani. Nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea kulisoma lile faili kwa karibu robo saa, kwa sababu nimefika umri ambao mwili haushtuki tena kwa habari za namna hiyo. Unazidi tu kuwa mzito. Kisha nikamwendea bosi wangu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, kuomba ruhusa. Akaniuliza kwa heshima marehemu alikuwa nani kwangu. Hakuwa ndugu yangu, wala hakunifundisha shuleni. Nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na minne, na katika mwaka huo nilimtendea jambo ambalo sijamtendea mtu mwingine yeyote. Nikasema, "Ni mama yangu wa Same," naye akaona inatosha.

Nilishuka Same Ijumaa jioni nikalala nyumba ya wageni karibu na barabara kuu, katika chumba chenye feni iliyokuwa ikisukuma joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Asubuhi, kabla gari la kupanda mlimani halijaja, nilikunywa chai ya tangawizi kwenye mgahawa, na mhudumu alipouliza kama aniongezee, nikagundua nilikuwa nimekaa muda mrefu nikiitazama milima. Ukiwa Same mjini, milima ya Upare inaonekana mikavu, ya kijivu, kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Maji yako nyuma yake, upande wa mashariki, yanakoshukia kwenye tambarare ya mpunga. Huko ndiko nilikokaa ule mwaka.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi michache tu. Ushirika mmoja wa wakulima wa mpunga (kijiji sitakitaja, wengi waliokuwapo bado wako hai) ulikuwa umepewa kompyuta, nao wakatafuta mtu wa kuwaingizia daftari la maji ndani yake. Maji pale yaligawiwa kwa zamu. Mto ulishuka kutoka milimani ukaingia kwenye mfereji mkuu, na kila shamba lilikuwa na siku yake na saa zake za kufunguliwa lango. Aliyepanga zamu alikuwa karani, na karani alikuwa Mama Nakijwa. Kila Jumatatu aliandika zamu za wiki, karatasi ikabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, kisha mgawa maji, mtu mpole aliyeitwa Senzota, akapanda baiskeli yake na kufungua malango kama karatasi ilivyosema. Asiyekuwemo kwenye karatasi hakupata maji. Ulikuwa utaratibu rahisi, na ulikuwa umedumu miaka mingi bila mimi.

Nakijwa lilikuwa jina lake mwenyewe; hakujaliwa mtoto, na hiyo "Mama" alipewa na ofisi. Alikuwa na miaka kama hamsini, mwembamba, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi na sauti ya pili nzuri sana kwenye kwaya ya Walutheri. Ushirika ulimwomba anipe malazi, akanipa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea magunia ya mpunga. Kilinuka makapi na vumbi la katani. Nikilala ubavu wa kushoto niliona mlima dirishani, nikigeukia wa kulia pua yangu iligusa gunia. Siku nyingi tulikula makande, na makande yake yalikuwa na nazi siku alizokuwa na furaha, na hayakuwa na nazi siku ambazo hakuwa nayo, kwa hiyo nilijifunza kumsoma kupitia sufuria kabla hajasema neno. Tulikula jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakupenda mazungumzo wakati wa kula. Baada ya kula alipenda sana.

Programu niliyoiandika ilikuwa ya kwanza katika maisha yangu kutumiwa na mtu ambaye si mimi. Nilipokuwa naijaribu peke yangu haikuleta shida yoyote, kwa sababu nilijua isichokipenda na sikuwa naipa. Mama Nakijwa hakujua. Aliandika saa kama alivyozizoea kichwani, aliacha nafasi pasipotakiwa, aliandika jina la mtu pale palipotakiwa namba. Na kila alipofanya hivyo, kilitokea katikati ya skrini kisanduku cha kijivu chenye namba ndefu na sentensi ya Kiingereza, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kukubaliana. "Namsifu!" angeniita kwa jina kutoka chumba cha pili. "Imenigombeza tena." Ningekuja, nisome, nirekebishe kwa kubonyeza mara mbili tatu, niondoke. Siku nyingine nilikwenda Same kutafuta wino wa printa au kuomba ushauri kwa mwenzangu tuliyesoma naye, na nikirudi na vumbi la barabara ya Kisiwani kichwani, namkuta amekaa mbele ya kisanduku kilekile tangu asubuhi, mikono mapajani, hajathubutu kukigusa.

Alasiri moja nilikuwa chumbani kwangu, na nyuma ya dirisha yeye na jirani yake walikuwa wanapukuchua mahindi. Hawakujua kuwa nimesharudi. "Inasema Kiingereza kama mkaguzi," Mama Nakijwa alimwambia. "Inasema nimekosea, haisemi nimekosea nini. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa mkali, lakini hata yeye alikuwa ananionyesha kwa kidole." Jirani akacheka. "Na huyo binti wako je?" Mahindi yakaanguka kwenye ungo kwa muda. "Huyo anakuja, anabonyeza, anaondoka. Nafikiri ananiona mjinga. Na mimi sasa nimeanza kujiona hivyo hivyo. Miaka yote hii sijawahi kuogopa kwenda kazini, Mama Ombeni. Siku hizi nikiuona ule mlango natamani nigeuze."

Ningeweza kutoka nje nikamwomba radhi. Sikutoka. Nilikaa juu ya kitanda, nikawaka hasira kama mtu aliyeambiwa ukweli, kisha nikapata wazo. Kulikuwa na njia mbili za kuviondoa vile visanduku. Ya kwanza ilikuwa kukaa na kufikiria kila jambo ambalo programu inaweza kulikataa, na kwa kila moja kuandika maneno ya Kiswahili yanayomwambia mtu kilichotokea. Ilikuwa kazi ya wiki kadhaa. Ya pili ilikuwa mstari mmoja: ukipata tatizo, usiseme kitu, endelea. Kesho yake asubuhi niliuandika ule mstari kabla hajafika ofisini. Visanduku vikakoma. Sauti ya kibodi yake ikawa ya mtu aliyetulia. Mwenyekiti wa ushirika alipita, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema, "Sasa mmeelewana," na jioni ile makande yalikuwa na nazi. Kwa ushauri wangu, mwenyekiti akalifungia kabatini lile daftari kubwa la zamani, ili kusiwe na kumbukumbu mbili zinazopingana. Nakumbuka nilivyomweleza: tukiacha daftari liendelee, mtu hatajua lipi ndilo la kweli. Nilikuwa na uhakika mwingi sana ule mwaka. Leo nikiona uhakika wa namna ile kwa vijana ninaofanya nao kazi, nachoka kabla hawajamaliza kusema.

Sasa nimtaje Nashipai. Alikuwa mwanamke wa Kimaasai wa miaka thelathini na kitu, na familia yake ilikuwa imefiwa na karibu ng'ombe wote kwa ukame. Mumewe alikuwa bado anahangaika na waliobaki, akiwatafutia majani huko juu kuelekea Kwakoa, naye Nashipai akaamua kujaribu mpunga, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote wa boma lao. Shamba namba 114 lilikuwa limegawanywa nusu kwa nusu na mwenye shamba. Nashipai akapewa nusu ya chini, mwishoni kabisa mwa mfereji. Mama Nakijwa aliiandika 114B. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote kwenye daftari: shamba likigawanyika, anaongeza herufi mpaka lipewe namba yake, na kila mtu anaelewa; mwaka ule ni hilo tu lililogawanyika. Msimu ulipoanza, wakati wa kitalu na kupandikiza, maji yalikuwa mengi na malango yalikuwa wazi kwa wote. Zamu zilianza mto ulipopungua, mpunga ukiwa karibu kutoa masuke, wakati ambao shamba likikauka hakuna cha kulifanyia tena.

Wiki ya kwanza Nashipai alikwenda langoni, Senzota akamwambia kwa upole kwamba jina lake halimo kwenye karatasi. Akaja ofisini. Nilikuwapo. Mama Nakijwa akamtazama kwa mshangao. "Nimekuandika mwenyewe jana," akamwambia. "Mrudie, mwambie atazame vizuri." Akarudi, Senzota akatazama vizuri, hakumwona. Jumatatu iliyofuata Mama Nakijwa akamwandika tena, kwa makini, akitamka kila herufi kwa sauti. Karatasi ikatoka, ikabandikwa bila kusomwa upya, na Senzota akasema tena hamna jina. Safari hii alikwenda mwenyewe kumfokea Senzota kwamba anatumia karatasi ya zamani, wakakosana wale watu wawili waliofanya kazi pamoja muda wote ule. Nilipoulizwa mimi, nilijibu nikiwa nimeinama kwenye printa kwamba mashine haiwezi kusahau. Ndiyo maneno niliyotumia. Wiki ya tatu akamwandika tena, jina halikutoka, na Nashipai hakuja ofisini. Alikuja mumewe, amesimama nje na wanaume wanne wa boma, na maneno yalikuwa yameshaanza kuzunguka kijijini: karani amemkata yule mama kwa sababu ni wa wafugaji, ili ashindwe, aondoke. Wapare wengine walilikanusha hilo kwa nguvu. Wengine, na hili liliniuma zaidi, walilipongeza.

Mwenyekiti alimsimamisha kazi Mama Nakijwa siku hiyohiyo, akaitisha mkutano Jumatatu inayofuata. Ilikuwa Jumanne. Alasiri niliketi peke yangu kwenye kiti chake, nikaandika zamu kama alivyokuwa anaiandika: jina, siku, saa, na kwenye namba ya shamba, 114B. Nikabonyeza kuhifadhi. Skrini ikajisafisha, ikawa tupu, tayari kwa zamu nyingine, kama inavyofanya kila kitu kinapokwenda vizuri. Nikaenda kuitafuta ile zamu. Haikuwapo. Niliielewa saa ileile, wala sikuhitaji kuijaribu mara ya pili, ingawa niliijaribu mara ya pili na ya tatu. Mahali pa namba ya shamba nilikuwa nimeruhusu tarakimu peke yake. Herufi B ilikataliwa. Zamani kingetokea kisanduku cha kijivu. Kingemtisha, angeniita, ningekuja na kuona. Mimi nilikuwa nimekizuia kisanduku. Kompyuta ilikuwa ikimkatalia Mama Nakijwa wiki baada ya wiki, na kwa amri yangu ikawa inamwonyesha uso wa kukubali.

Nilijua Jumanne. Nilisema Jumapili. Siku hizo tano ndizo zinazonirudia, na wala hazikuwa na kitu cha ajabu ndani yake. Niliamka, nikanawa, nikala. Mwenyekiti aliniuliza, "Mashine iko sawa?" nikajibu, "Bado naiangalia, mzee." Mama Nakijwa alishinda nyumbani. Alifua kila kitu kilichofulika, pamoja na mashuka yangu. Alhamisi nilimsikia anamwambia Mama Ombeni, "Labda kweli niliruka. Labda macho. Mtu anaweza kudhani ameandika." Jirani akamwambia asijitie wazimu. "Hapana," akasema, "mashine haisahau, binti amesema." Nikaisikia sentensi yangu ikitoka kwenye kinywa chake. Bado sikutoka nje. Nilikuwa nikijiambia kwamba natafuta namna nzuri ya kulieleza. Siku ile sikulijua, ila sasa najua, kwamba nilikuwa nangoja labda mvua inyeshe.

Jumapili Mama Nakijwa alirudi kutoka kanisani, akabadilisha nguo, akapakua. Nilisema kabla hajaketi.

"Mama, uliandika. Zamu zote tatu uliandika."

Akabaki ameshika upawa. "Umeona wapi?"

"Nimejaribu mwenyewe. Inaikataa B. Inataka namba tupu."

"Inaikataa."

"Ndiyo."

"Mbona haikuniambia? Zamani ilikuwa inasema, hata kwa Kiingereza chake."

"Niliizuia isiseme."

Nilitarajia anifukuze, na nadhani nilitaka anifukuze. "Tangu lini unajua?" akauliza. Nikamwambia tangu Jumanne. Akaupindua upawa, akaupangusa kwa kidole, akauweka juu ya mfuniko. "Kula," akasema, akatoka nje, na chakula chake kikabaki kwenye sufuria mpaka kikapoa.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la mashine ya kukoboa, kwa sababu ndilo lililokuwa na kivuli cha kutosha. Nilisimama mbele ya watu kama mia na nikazungumza muda mrefu. Nilieleza aina za data, nikaeleza sehemu ya tarakimu na sehemu ya maandishi, nikaeleza hitilafu inavyokamatwa na inavyopuuzwa. Nilitumia kila neno nililofundishwa chuoni, kwa sababu maneno yale yalikuwa yananiziba kidogo. Mwenyekiti akanikatiza. "Kwa kifupi, kosa ni la mashine?" Nikasema, "La kwangu." Watu wakanong'ona. Nyuma kabisa, alipokaa Nashipai na watu wake, kijana mmoja alikuwa akimtafsiria kwa Kimaasai, na niliona kwamba hotuba yangu yote ndefu ilimfikia kwa maneno kama matatu. Nashipai akasimama, akaweka miguuni pa mwenyekiti fungu la masuke. Yalikuwa mapepe matupu, meupe, mepesi. Upepo wa mlangoni uliyasogeza. "Huu ndio mpunga wangu," akasema kwa Kiswahili. "Mashine itakuja kula nyumbani kwangu tuone inavyoshiba?" Wachache wakacheka. Yeye hakucheka.

Ushirika ukaamua apewe mbegu na shamba la juu, karibu na mfereji mkuu, kwa msimu unaofuata. Mama Nakijwa arudi kazini. Daftari litolewe kabatini. Kuhusu mimi hawakuamua kitu. Nadhani walitaka kunifukuza lakini hapakuwa na mtu mwingine aliyejua hata kuizima ile kompyuta. Kwa hiyo nilibaki, jambo ambalo ni gumu zaidi. Kwa wiki tatu hivi Mama Nakijwa hakusema nami zaidi ya salamu. "Shikamoo." "Marahaba." Sahani inasukumwa. Makande bila nazi. Kila Jumatatu, karatasi ikishabandikwa, alichukua kanga yake na kuondoka mpaka jua linapokaribia kuzama. Nilidhani anakwenda mazoezi ya kwaya, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Kisha siku moja alasiri alikuja mezani kwangu na daftari jipya la shule, akavuta kiti. "Niambie vitu vyote inavyovikataa," akasema. "Kimoja kimoja." Nikamtajia. Aliandika kwa mwandiko wake wa karani, ulioinamia kulia. Vilifika thelathini na kitu. Alipomaliza akanitaka nimwambie, kwa kila kimoja, kompyuta itasemaje. Nikaanza na lile rahisi: "Kosa: namba ya shamba ni batili." Akatikisa kichwa. "Kosa la nani?" Nikamwambia ni neno tu la kawaida. "Wewe unalipita. Mimi linakaa kwangu." Na batili akaikataa pia, akasema hilo ni neno la mahakamani na la ndoa. Nikajaribu kwa adabu zaidi, nikaanza na tafadhali. "Usinibembeleze, Namsifu. Niambie. Mtu akija dirishani kwangu na nimemkatalia, kwanza namwambia nimekataa, asiondoke akidhani amepata. Halafu namwambia kwa nini. Halafu namwambia aende wapi. Asipojua aende wapi, nimemfukuza tu."

Tulifanya kazi ile alasiri nyingi, joto likitushukia kutoka kwenye bati, themosi ya chai ya tangawizi katikati yetu. Tulibishana. Tulichukua siku mbili nzima kwa ujumbe wa zamu zinazogongana, kwa sababu mimi nilitaka uwe mfupi na yeye alitaka utaje aliyeshika saa zile, ili karani asianze kutafuta. Alishinda. Bado naukumbuka: Zamu hii HAIJAANDIKWA. Jumatano saa moja hadi saa nne tayari ni ya shamba 62. Chagua saa nyingine, au zungumza na mgawa maji kwanza. Uliposomeka kwa mara ya kwanza kwenye skrini aliusoma kwa sauti, akavua miwani, akasema, "Sasa hii ni mtu." Nilirekebisha pia sehemu ya namba ili ikubali herufi, ilinichukua dakika tano. Hilo nalo ilibidi nimwambie aliponiuliza, na aliponiuliza sikudanganya. Akamimina chai kwenye vikombe vyote viwili.

Nimeishi kwa kazi hii tangu siku zile na sijawahi kufundishwa tena kitu cha maana kama kile. Wala hakijanisaidia sana. Mwezi uliopita niliandika maneno kwa ajili ya watu wanaojaza fomu kwenye simu, kwa kila jambo linaloweza kukataliwa, kwa njia ya Mama Nakijwa, na bosi wangu kijana akayafuta yote akaweka moja: Kuna hitilafu, jaribu tena baadaye. Watu hawasomi, dada, aliniambia, tena kwa wema. Nilianza kumjibu. Halafu nikatazama saa.

Jumamosi ya mazishi gari lilitupandisha mlimani taratibu, kona baada ya kona, baridi ikiongezeka. Waombolezaji walikuwa wengi. Kwaya ya Mama Nakijwa ilikuwa imevaa majoho. Niliketi kwenye benchi la wanawake, chini ya migomba, na ilinichukua muda kumtambua mama mzee aliyekaa mwisho wa benchi, amejifunika shuka jekundu na shanga shingoni, peke yake katikati ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama vizuri. "Wewe ni yule wa mashine."

Nikasogea karibu. Alinieleza kwamba alilima misimu miwili zaidi kisha wakahamia Kwakoa, ng'ombe walipoanza kuongezeka. Alisema kwa utulivu, bila kunilaumu, kwamba siku ile ya mkutano hakuniamini hata kidogo. "Wewe Mpare, yeye Mpare. Nilisema, huyu binti amepewa kazi ya kumfichia mama yake. Niliamini hivyo miaka yote."

"Sasa mbona umekuja?"

Akafikiri. "Kila Jumatatu alikuja bomani kwangu kwa miguu, kuanzia wiki ya mkutano, kabla hata sijapanda tena. Kisha misimu yote miwili. Anakaa, anakunywa maziwa, anasema: Nashipai, yako ni Alhamisi, saa mbili mpaka saa tano. Basi anarudi. Hakuomba msamaha, hakutaja mashine. Nikasema, huyu alinitenda vibaya, lakini anajua."

Kwaya ilikuwa inaimba, na sauti ya pili ilikuwa nyembamba. Nikamwambia tena. Safari hii sikuwa na maneno ya chuo, nilikuwa nimeyachoka zamani. Nilimwambia kwamba shamba lake lilikuwa na herufi, mashine haikuitaka herufi, ikalitupa jina lake, na mimi ndiye niliyeikataza isimwambie karani kwamba imelitupa. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wangu.

"Kwa hiyo yeye aliandika."

"Aliandika. Jumatatu zote tatu."

"Jina langu."

"Jina lako. Alikuwa analitamka huku anaandika, nilimsikia."

Nashipai akageuka, akatazama kule walikokuwa wanalishusha jeneza. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. "Siku ile ulisema maneno mengi," aliniambia mwishowe. "Hili hukulisema." Kisha akajifunga shuka lake vizuri, akainuka, na bila kungoja wanawake waitwe akatembea mpaka kaburini, akachukua udongo kwa mikono miwili.